Paka Wangu, Bustani Yako

Kwa muda wa majuma kadhaa sasa malalamiko yamekuwa yakitufikia juu ya jambo ambalo baadhi ya watu wataliona dogo mno kupewa nafasi katika ukurasa huu. Jambo lenyewe ni paka. Wananchi wanaolima mboga nyuma ya nyumba zao, na wale wanaolima katika viwanja vitupu vya jiji la Dar es Salaam, wanasema kwamba kila wakisia mchicha, asubuhi yake hulikuta tuta limefukuliwa, mbegu zimetawanyika, na katikati yake pameachwa kinyesi.

Sisi hatulioni jambo hili kuwa dogo. Mfanyakazi anayeondoka alfajiri kwenda kiwandani, akarudi jioni na kushika ndoo na jembe kwa sababu mshahara wake haumfikishi mwisho wa mwezi, hana nafasi ya kusia tuta moja mara tatu. Wala mama anayeuza mafungu ya matembele mlangoni pake hana akiba ya kununulia mbegu mara ya pili. Tena iko habari iliyo mbaya kuliko hasara ya mbegu. Katika mitaa mingine majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi sasa hawaamkiani, na yuko mtu aliyekwisha kutega vichwa vya samaki vilivyopakwa sumu ya panya. Hapo ndipo tulipoona kwamba kunyamaza kwetu kungekuwa kosa.

Wazee wetu wa Unguja walikuwa na hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870. Sultani huyo alikuwa na paka. Paka akala ndama. Watu wakaenda kumshtaki, na Sultani akasema aachwe, kwa kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Mnyama akazidi kula, kila siku kilicho kikubwa kuliko cha jana, na jawabu la Sultani likawa lile lile, mpaka paka akageuka kuwa Nunda mla watu, na hata wana wa Sultani mwenyewe hawakusalimika. Msomaji atatucheka kwamba tumemtoa Nunda pangoni kwa ajili ya tuta la mchicha. Na acheke, lakini atazame neno moja. Sultani, pamoja na wazimu wake, alikuwa na hoja mwanzoni, maana kilicholiwa kilikuwa mali yake. Jirani wa leo hana hata hoja hiyo. Yeye husema, paka wangu, bustani yako.

Yafaa kwanza tumtendee haki paka mwenyewe. Yeye hafanyi inda. Maumbile yake ni kutafuta udongo mkavu na laini, kuchimba, kujisaidia na kufukia. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima kwa mamilioni walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kufundishana, pamoja na mambo mengine, faida ya kuchimba vyoo. Paka alikuwa amelijua somo hilo kabla yetu. Lakini mtaa uliosakafiwa kwa saruji umemwachia nini? Ua ni sakafu, njia imeshindiliwa ikawa ngumu kama jiwe, na mahali pa pekee palipolimwa, pakachambuliwa mawe na kulainishwa kwa mkono ni tuta la jirani. Mtu ametengeneza choo bora cha paka pasipo kukusudia, kisha anashangaa kwamba kinatumiwa.

Wengine husema samadi ni samadi, na kwamba kinyesi cha paka kitaotesha mboga kama cha ng'ombe. Maneno haya si kweli, na yaweza kuleta maradhi. Ng'ombe na mbuzi hula majani. Paka hula nyama, na matumbo yake hubeba minyoo na vijidudu vinavyoweza kumwingia binadamu. Kimoja chao huitwa toksoplazma. Mwaka 1908 Charles Nicolle na mwenzake Louis Manceaux walikiona huko Tunis katika mnyama wa jamii ya panya, na mwaka uo huo kikaonekana Brazil katika sungura. Lakini ilichukua miaka ipatayo 60, hata kufikia mwaka 1970, ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba kijidudu hiki hutaga mayai yake katika utumbo wa paka.

Paka aliyeambukizwa hutoa mayai hayo kwa mamilioni, kwa muda wa wiki moja hadi tatu hivi, na mara nyingi huwa ni mara moja tu katika maisha yake. Yakitoka huwa bado hayajakomaa; huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yaweze kudhuru, na baada ya hapo huweza kukaa katika udongo wenye unyevu kwa miezi mingi. Basi mwenye bustani na aione faida iliyomo katika hesabu hii: kinyesi kikiondolewa siku ile ile, pamoja na udongo ulioshikana nacho, kikafukiwa mbali na mboga na mbali na kisima, hatari hiyo huwa imekatwa kabla ya kuzaliwa. Lakini asikiondoe kwa mikono mitupu.

Hatupendi kuwatia watu hofu isiyo na sababu. Mtu mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi hahisi kitu, au hupata homa ndogo ikapita. Wanaopaswa kujihadhari sana ni wajawazito, kwa sababu mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, mtoto huweza kufia tumboni au kuzaliwa na madhara ya macho na ubongo. Na pia wale ambao kinga ya miili yao imepungua, kama watu wenye virusi vya ukimwi wasiopata dawa. Mchicha wetu hupikwa, na moto huua kijidudu hiki. Hatari iko katika kachumbari isiyooshwa, katika mikono iliyotoka kupalilia ikaenda moja kwa moja kwenye sahani, na kwa watoto wachezao udongoni. Wala paka asibebeshwe mzigo wote, kwa kuwa nyama isiyoiva nayo huleta ugonjwa huu huu. Sisi tuliosomea shule za misheni tulifundishwa kuosha mboga za bustani ya shule maji mara tatu, na tulidhani ni adhabu.

Sasa mkulima afanye nini? Siku za hatari ni chache. Mchicha huota katika siku chache tu na huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Basi likingwe tuta lingali changa. Mara baada ya kusia, lifunikwe kwa makuti au nyavu kuukuu za wavuvi zilizovutwa zikakaza, au kwa wavu wa kufugia kuku aliye nao. Miche ikichomoza, kifuniko kiinuliwe juu ya vijiti ili mboga ipate jua, na katikati ya mistari pachomekwe matawi ya michongoma kwa karibu karibu, hata paka asipate nafasi ya kugeuka. Kumwagilia jioni pia husaidia, kwa sababu paka huchukia kuchimba udongo uliolowa, na mtu anayemwagilia asubuhi tu humwachia tuta lililokauka usiku kucha. Mboga zikishafunga na kufunika ardhi, paka hana haja nazo tena.

Kuhusu dawa nyingine zinazosifiwa mitaani, kama kupanga chupa za maji au kunyunyiza pilipili ya unga, hatukatazi, lakini pilipili huisha nguvu kwa mvua ya kwanza, na chupa tumemwona paka amelala kando yake. Mafuta ya taa yasimwagwe kabisa, kwa kuwa huharibu udongo ule ule anaotaka kuuokoa.

Hata hivyo mkulima akifanya yote hayo, nusu ya kazi ingali imebaki, nayo ni ya mwenye paka. Huyu ndiye asiyetajwa katika malalamiko, kwa sababu mara nyingi hajulikani. Paka akikamata panya, nyumba tatu humdai kuwa wao. Akichafua bustani, ghafula hana mwenyewe. Mwenye kufuga paka na atenge pembe moja ya ua wake, amwage ndoo kadhaa za mchanga mkavu, akauweke mahali penye kivuli na utulivu, na kuuzoa kila siku. Paka hurudia mahali alipozoea, na akipata choo kwake hatakwenda kwa jirani ila kwa nadra. Wala gharama yake haifiki bei ya pakiti ya sigara.

Kuna desturi moja ambayo twailaani waziwazi. Paka jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili tu, na huweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Wanapozaliwa, watu huwangoja wakue kidogo, kisha huwatia katika gunia na kwenda kuwatupa sokoni au katika mtaa wa mbali usiku. Mtu huyo hurudi akijiona ameondoa taabu, kumbe ameihamisha. Na mtaa aliowatupia nao una watu wenye magunia, hata paka wa kule huletwa huku. Njia iliyo halali ni kumwendea Bwana Mifugo, madume wakahasiwa na majike wakafungwa kizazi, na wote wakachanjwa kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukieneza. Twajua kwamba huduma hii ina gharama na haipatikani kila mahali. Halmashauri zinazotoza ushuru katika masoko yaliyojaa paka hao zina wajibu wa kuisogeza karibu.

Tumalizie habari ya sumu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na hilo peke yake lingetosha. Lakini anayetega sumu hajui atakayeila: huenda ikawa kuku wa mama yule yule anayeuza matembele, huenda ikawa mtoto. Na tuseme amefaulu, paka wote wa mtaa wamekwisha. Nani atabaki na panya? Mwezi Julai 2022 ndugu zetu wa mkoa wa Lindi walipatwa na homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine. Serikali ilitangaza wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Panya hatachafua tuta tu, ataila na mbegu yenyewe. Watu wa pwani hawakukosea waliposema paka wa nyumba haingwa. Waislamu wamefundishwa kwamba paka si najisi, ingawa hatujamsikia sheikh aliyekitakasa kinyesi chake; na katika Biblia ya Kikatoliki ametajwa mara moja tu, mwishoni mwa kitabu cha Baruku, akiwa amekaa juu ya sanamu za Babeli. Kumbe hata huko alikaa mahali asipotakiwa.

Basi mabalozi wa mashina na wenyeviti wa mitaa wasingoje mpaka kesi zifike kituoni. Waende kwa miguu, wakati wa jioni, ambapo mwenye bustani na mwenye paka wote wawili wamekwisha kurudi nyumbani, waulize ni nani anayemlisha mnyama huyo, na waone kwa macho yao kama mchanga umekwisha kumwagwa uani. Waanze kwa mwenye paka.