Jemadari Ward Alionewa

Wapenzi wa habari za vita wakitaja majemadari wa vifaru wa Marekani, hawana jina ila Patton. Mimi namtaja Orlando Ward, aliyeiongoza Divisheni ya Kwanza ya Vifaru huko Tunisia, na nasema wazi kwamba bwana huyu alionewa.

Mkubwa wake, Jemadari Fredendall, alijichimbia handaki bondeni karibu na Tebessa, mbali kabisa na mapigano. Huko akitazama ramani na kuamuru kila kikosi kikae kilima gani. Divisheni ikagawanywa vipande vipande, Ward akabaki jemadari wa jina tu. Tarehe 14 Februari 1943 Wajerumani wakaishambulia Sidi Bou Zid. Askari waliowekwa juu ya vilima vya Lessouda na Ksaira wakazingirwa, na vilima vyenyewe haviwezi kusaidiana. Kesho yake kikosi cha vifaru kikapelekwa kuwaokoa. Kikapoteza vifaru zaidi ya 40 kwa siku moja. Kisha yakafuata ya Kasserine.

Sasa msomaji, lawama ni ya aliyepanga au ya aliyepangiwa? Fredendall aliondolewa mwezi wa Machi, akarudi kwao, na huko akapandishwa cheo! Ward akaangukia mikononi mwa Patton. Huko Maknassy, Patton alimpigia simu akamwamuru aongoze mwenyewe shambulio la usiku. Akaenda, akajeruhiwa karibu na jicho, na kilima hakikutekwa. Mwanzoni mwa Aprili akauzuliwa.

Wapo wasemao alikuwa mpole mno. Silikatai lote, maana baada ya kuuteka mji wa Maknassy alisita, na adui akapata nafasi ya kujiimarisha milimani. Lakini mtu aliyekwisha kuona watu wake wakiteketea kwa amri za pupa, akisita, tumwite mwoga?

(Na Watunisia, Waislamu wenzetu waliokuwa chini ya Ufaransa tangu 1881, nani aliwataka ruhusa ya kupigania katika mashamba yao?)

Mwaka 1945 Ward alirudi vitani na Divisheni ya 20 ya Vifaru, akafika Munich. Kuanzia 1949 akawa mkuu wa historia ya jeshi lao, hadi 1953. Kitabu cha vita vya Afrika Kaskazini kilitoka 1957, yeye amekwisha kustaafu, na ile amri ya vilima viwili imo ndani.