Winchi, parabufalo na taa za mapambo: gari la Kasongo na Kabambare linahitaji nini?

Msimu wa mvua ukianza kusini mwa Maniema, kazi ya garaji inabadilika. Wenye gari wanakuja na ulizo moja: waongeze nini mbele, waongeze nini nyuma, ili gari lifike? Mmoja anataka winchi, ile watu wa garaji wanaita treuil. Mwingine anataka parabufalo la chuma, ao safu ya taa za LED juu ya kabini, ao jante za kung'aa, ao kulabu ya remorke. Kati ya Kasongo, Lusangi na Kabambare kiangazi cha kweli kinakuja karibu mwezi wa sita na kinaisha karibu mwezi wa nane. Miezi mingine yote ni potopoto. Makuta yanayoingia ndani ya chuma cha kuongeza njo makuta yanayokosekana kwa pine, freni na amortiseri.

Hesabu imekuwa kali zaidi tangu mwaka 2025. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari, na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa. Wachuuzi wengi wa mashariki walizoea kutafuta piesi katika miji hiyo miwili. Zimebaki njia ndefu: bandari ya Dar es Salaam, reli mpaka Kigoma, kisha ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, ao reli ya SNCC kutoka Lubumbashi kupitia Kabalo na Kongolo mpaka Kindu. Kisha, kutoka hapo, moto ao baiskeli. Piesi nzito kama winchi, yenye kilo 30 na zaidi, inalipiwa kila fasi inaposhushwa na kupakiwa tena.

Kwanza: gari lenyewe lina shasi?

Kabla ya kununua chochote cha kuvuta, shofere anapaswa kulala chini ya gari na kuangalia. Land Cruiser, Hilux na Prado zina shasi, yaani mihimili miwili ya chuma inayobeba mwili wa gari. RAV4 na Noah, zinazopendwa mjini juu ya mafuta kidogo, hazina. Mwili wenyewe ndio unabeba kila kitu. Kulabu kubwa iliyochomelewa kwenye bati la RAV4 inaonekana nguvu siku ya kwanza. Siku ya kuvutwa kutoka shimoni, inaondoka na bati lake.

Tena kuna pete ambazo wengi wanadanganyika nazo. Magari mengi kutoka Japan yanakuja na vipete vidogo chini, vya kufungia gari lisitikisike ndani ya meli. Kazi yake iliisha Dar es Salaam. Ile pete nyingine ya kufunga kwa kuzungusha, inayokaa pamoja na kriki, ni ya kuvutia gari bovu juu ya barabara ngumu, polepole. Kwa gari lililozama mpaka mlangoni, zote mbili hazifai.

Hatari kubwa iko kwenye kulabu ya remorke, ile yenye kichwa cha mviringo. Watu wanaifunga kamba na Fuso linavuta kwa kishindo. Kichwa kile kimetengenezwa kwa kuvuta kwa utulivu, hakikutengenezwa kwa kishindo. Kikikatika, kinaruka kama risasi, na katika nchi nyingi kimekwisha kuua watu waliosimama karibu. Na barabara zetu, gari likikwama, kijiji kizima kinakuja kutazama, watoto mbele.

Winchi: hesabu ya kweli

Wauzaji husema winchi inapaswa kuwa na nguvu ya mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa. Land Cruiser pickup yenye mzigo inafika tani 3, kwa hiyo inatakiwa winchi ya karibu tani 4 na nusu. Lakini namba iliyoandikwa juu ya winchi ni nguvu ya mzunguko wa kwanza wa kebo, ule ulio karibu kabisa na ngoma. Kebo ikiwa imejaa, nguvu inashuka. Njo maana puli moja, inayorudisha kebo kwenye gari, ina faida kuliko watu wanavyofikiri: nguvu inakaribia kuwa mara mbili, mwendo unapungua nusu.

Kiisha kuna umeme. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zote inakunywa ampea mia tatu na zaidi. Hakuna alternateri ya kawaida inayotoa vile. Batri njo inalipa. Batri iliyochoka, ile inayowashwa kwa kusukuma kila asubuhi, haiwezi kazi hiyo hata dakika mbili. Mtu anayenunua winchi bila kununua batri mpya na nyaya nene amenunua uzito wa kubebesha springi za mbele. Na nyaya zikipitishwa ovyo karibu na injini, bila swichi ya kukata umeme, moto unaweza kuwaka.

Tufanye mfano. Tuseme winchi pamoja na batri na kazi ya fundi inafika Kasongo kwa dola 800. Tuseme vijana wenye majembe na pele wanapewa kitu kama dola 10 kila gari linapokwama. Hapo winchi inalingana na kukwama mara 80. Mwenye gari la biashara anayefanya safari 2 kwa mwezi kwa miezi 9, na kukwama mara 2 kwa safari, anafika mara 36 kwa mwaka: zaidi ya miaka miwili kabla ya kurudisha makuta. Kila mtu aweke namba zake. Lakini hesabu hiyo inadhani winchi inaondoa vijana kabisa, na si kweli. Mbele ya gurudumu lazima ichimbwe hata hivyo. Tena winchi inataka mti. Upande wa misitu miti iko. Katika mbuga za Kabambare mti unaweza kuwa mbali kuliko urefu wa kebo, na hapo inabaki kuzika pine ya akiba ardhini na kufunga kebo juu yake, kazi ya saa nzima.

Kwa gari la mtu mmoja ao la duka, winchi ya mkono, ile inayojulikana kwa jina la Tirfor, inafaa zaidi. Haiombi batri. Inavuta mbele, nyuma ao upande, winchi ya umeme iliyofungwa mbele haiwezi. Ikiharibika fundi wa kienyeji anaweza kuielewa. Inachosha mikono, ndiyo, na inaenda polepole sana. Iliyo ya tani 1.6 peke yake ni ndogo kwa Land Cruiser iliyozama na mzigo, lakini pamoja na puli na kupakua mzigo inafanya kazi. Kwa kebo ya kila aina sheria ni moja: koti ao gunia zito linatupwa juu yake katikati, ili ikikatika ianguke chini, na watu wote wasimame mbali.

Gari la wagonjwa ni hesabu nyingine

Mahali pamoja dola 800 hazipimwi kwa mara 80. Mama aliyejifungua Lusangi na damu haisimami, akipelekwa Kasongo, ana saa chache tu. Saa mbili ndani ya shimo la matope zinaweza kuwa saa zake zote. Kwa gari linalobeba wagonjwa, winchi ya umeme yenye batri ya pili, puli, Tirfor ya akiba, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu na taa nzuri ya nyuma si mapambo hata kidogo. Hapo vikundi vya likelemba na kamati za afya zinapokusanya michango, ulizo la kuuliza wanaotoa gari ni kama vitu hivyo vimo ndani, na kama shofere amefundishwa kuvitumia. Winchi ambayo haijafunguliwa kebo tangu ilipofungwa mara nyingi imeshika kutu, na hilo linagunduliwa usiku, katika mvua.

Remorke

Wafanyabiashara wanaiona remorke kama njia ya kubeba mara mbili kwa injini moja. Juu ya lami, sawa. Katika njia ambayo Fuso zimechimba mifereji miwili, remorke nyembamba inatembea na mguu mmoja mferejini na mwingine juu, imeinama kama mlevi. Magurudumu yake hayavuti, yanabururwa tu. Katika mteremko inasukuma gari. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani unaruhusu remorke isiyo na freni ikiwa tu, pamoja na mzigo wake, haipiti kilo 750 wala nusu ya uzito wa gari tupu. Nyingi zinazochomelewa garaji hazina freni, na mifuko ya saruji 15 peke yake ni kilo 750, kabla ya kuhesabu chuma cha remorke. RAV4 ya otomatiki ikivuta hiyo kupanda mlima, gia zinachemka mafuta mpaka yananuka. Kulipa fasi ndani ya Fuso, ao baiskeli kumi, ni bei ndogo kuliko gia moja.

Parabufalo, taa, jante

Parabufalo lilitengenezwa juu ya wanyama wakubwa. Kati ya Kasongo na Kabambare mnyama anayegongwa ni mbuzi ao kuku. Chuma kigumu kilichofungwa kwenye shasi kinapeleka kishindo chote kwa shasi na kwa aliyegongwa. Ulaya iliweka sheria juu yake mwaka 2005 (agizo 2005/66) juu ya watembea kwa miguu, hasa watoto, kwa sababu ukingo wake unafika kichwani mwao. Hapa barabara ndiyo njia ya shule na ya kisima. Anayelihitaji kwa kushikilia winchi ana sababu. Anayelifunga kwa sura, vijiji vinabeba hatari kwa ajili ya uzuri wa gari lake. Pia linafunika radiateri, hasa likibebeshwa taa nne, na injini inapanda moto.

Juu ya taa kuna jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Kongo inaendesha upande wa kuume, sheria ya barabara ya 1978 inasema hivyo, lakini magari mengi ya mashariki ni ya usukani wa kuume, yaliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Taa zake za chini zinainua mwanga upande wa kushoto, ili ziangaze ukingo wa barabara ya Japan. Hapa upande huo ndiko anakotoka mtu wa moto. Tayari anapofushwa na taa za kawaida; safu ya LED juu ya kabini inammaliza. Makuta ya LED yanafanya kazi zaidi kwa kubadilisha taa za mbele na za upande sahihi, ao kwa fundi kuzishusha.

Jante za aloi zinapendeza, lakini zikigonga jiwe zinapasuka, na hakuna anayezirudisha sawa. Jante ya chuma ikipinda, mhunzi anaigonga na nyundo na safari inaendelea. Kofia za magurudumu zinabaki shimo la kwanza. Vioo vyeusi vimekatazwa mara nyingi na wakubwa wa miji tofauti, na kwenye barieri vinamfanya askari ashike bunduki kwanza na kuuliza baadaye. Taa za bluu ao nyekundu zinazozunguka ni mbaya zaidi, gari linaonekana la serikali ao la shirika. Katika eneo lenye makundi ya silaha, kufanana na mkubwa hakusaidii mtu. Kampuni ya Banro ilikuwa na malori na mashine za kila aina kule Namoya, na mwaka 2019 ilisimamisha kazi, ukosefu wa usalama na njia kufungwa zikiwa kati ya sababu. Hakuna kulabu inayovuta barieri.

Vya bei ndogo vinavyofaa viko: mipira ya kuzuia matope nyuma ya magurudumu, bati la kulinda karteri, turubai zuri, vitambaa vya viti kwa anayebeba abiria. Maandishi na rangi haviongezi uzito. Mwenye kutaka kuandika jina la mama yake mbele ya gari aandike.

Na moto

Watu wengi wa Kabambare hawana gari, wana moto, na ulizo ni lile lile. Vyuma vya kulinda miguu vinafaa, juu ya kila kuanguka vinaokoa mguu na bomba la moto. Vioo vya pembeni viwili, vile vinavyong'olewa kwa kuwa eti vinazuia kupita, virudishwe. Hatari iko kwenye porte-bagaje ndefu iliyochomelewa nyuma. Mzigo ukipita nyuma ya gurudumu, mbele inakuwa nyepesi, usukani haushiki, na fremu inapasuka karibu na kiti, mara nyingi chini ya rangi ambako haionekani. Fundi akiulizwa kurefusha chuma hicho, aombwe pia akwangue rangi fasi hiyo na kuangalia kabla ya kuchomelea.