Mbio au Kuogelea: Rai Yangu

Katika baraza zetu hapa Abu Hamour mjadala huu haumaliziki: vijana wanasifu mbio, wakubwa wanalalamikia magoti. Naomba ruhusa nami nitoe rai yangu.

Mbio zina sifa zake. Hazitaki ada wala mwalimu; viatu vizuri vyatosha, na mifupa hupata nguvu kwa kubeba uzito wa mwili. Lakini hapa Doha jua ndilo linalotupangia. Mwaka 2019, mji huu ulipoandaa mashindano ya dunia ya riadha, marathoni ya wanawake ilianza karibu na saa sita za usiku ili kukwepa joto. Hata hivyo, kati ya wakimbiaji 68 waliomaliza ni 40 tu. Ikiwa mabingwa yamewafika hayo, sisi wenye sukari na presha tutakimbilia nini mwezi wa Julai?

Maji nayo humbeba mtu. Magoti hupumzika, moyo na mapafu yakifanya kazi. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Nusu saa bwawani mara tano zatimiza.

Lakini hoja yangu kubwa si magoti. Sisi asili yetu ni Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu. Wazee wetu walijifunza kuogelea pwani, bila ya malipo. Wajukuu wetu wanakulia Abu Hamour, mtaa usio na pwani, kisha likizo tunawapeleka kwenye bahari ya kwao na kuwapandisha vyombo. Asiyejua kukimbia atachelewa; asiyejua kuogelea aweza kufa. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, wakafariki watu zaidi ya 200. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Bahari ni bahari. Nasema mtoto asinyimwe nafasi hiyo.

Basi mbio ziwe za miezi ya baridi, kuogelea kuwe kwa mwaka mzima, na watoto watangulie. Mabinti wasiachwe nyuma; tuwatafutie mabwawa yenye saa za wanawake peke yao. Tupeane zamu za magari kuwapeleka, kama tunavyopeana za madrasa. Samaki mkunje angali mbichi.