Mlima Wasingiziwa

Mtu wa pwani apandapo Meru kwa mara ya kwanza, jambo la awali limshangazalo liko jikoni. Maji yachemka upesi, lakini maharage hayaivi. Atakaa na chungu mpaka achoke, kisha mwenyeji wake amwambie, "Hapa ni juu, hewa ni nyepesi." Na hilo ni kweli. Kadiri ardhi inavyoinuka ndivyo hewa inavyopungua uzito, na maji huchemka kabla hayajapata ukali wa moto tuujuao sisi huku chini. Basi kwa kuwa hewa nyepesi imeshikwa na kosa la chungu, watu huitwika na makosa mengine yote, hata ya televisheni.

Mwandishi wa ukurasa huu aliyasikia hayo Nchiru, kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa Meru, kando ya barabara ile ile ya Maua ituleteayo miraa. Alikwenda kumpeleka mpwawe katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Chumba alichopanga kijana kilikuwa bondeni. Sebuleni kwa mama mwenye nyumba mlikuwa na televisheni mpya na king'amuzi chake, lakini picha haikuwapo. "Mzee," alisema yule mama kwa upole, "huku milimani vitu hivi havipatani na hewa."

Jioni tulialikwa chai kwa jirani, nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima, mwendo wa dakika kumi kwa kupanda. Kule picha ilikuwa safi, na taarifa ya habari tuliisikiliza mpaka mwisho. Hapo ndipo panapotaka kufikiriwa. Lau hewa nyepesi ndiyo mkosaji, nyumba ya juu ndiyo ingalipata taabu zaidi. Mbona imekuwa kinyume?

Sababu yake mabaharia wetu waijua tangu zamani. Aliye sitahani, macho yake mita 4 juu ya maji, upeo wake ni kilomita 7 hivi. Akipanda mlingoti hadi mita 16, ataona kilomita 14. Macho ni yale yale, ila amepanda. Na mwaka 2011 wakubwa wa dini wa Dubai walitoa fatwa kwa wakazi wa lile jengo la Burj Khalifa, lenye urefu wa mita 828, kwamba wakaao juu ya ghorofa ya 80 wachelewe kufuturu kwa dakika 2, na walio juu ya 150 wachelewe kwa dakika 3, kwani wao bado waliona jua ilhali wa chini limekwisha kuwatulia.

Mawimbi ya televisheni nayo hufuata kanuni hiyo karibu sawasawa. Si kama yale ya redio ya masafa mafupi, ambayo hupanda angani yakarudi chini mbali mno. Haya hushika njia iliyonyoka, yakajipinda kidogo tu. Yakikuta kilima, nyuma yake huwa kivuli. Ndiyo maana televisheni ilipoanza Kenya mwaka 1962, mtambo wa kurushia picha uliwekwa Limuru, penye mwinuko. Mafundi waliutaka urefu, hawakuukimbia. Yule mama wa bondeni haonewi na hewa. Yumo kivulini.

Hatusemi kwamba hewa haina athari kabisa. Televisheni hujipoza kwa hewa, na hewa ikiwa nyepesi joto huondoka polepole. Zile za zamani zenye kioo kizito zilikuwa na umeme wa maelfu ya volti ndani yake, na katika hewa nyepesi cheche huruka kwa wepesi zaidi, hasa penye vumbi na unyevu. Zile za plasma, ambazo viwanda viliacha kuzitengeneza yapata mwaka 2014, zilikuwa zikivuma kama nyuki zikipandishwa juu sana, kwa sababu ya tofauti ya msukumo kati ya gesi iliyofungiwa ndani ya kioo na hewa ya nje. Lakini vyombo vingi hutengenezwa kwa kutazamia mwinuko wa hadi mita 2,000, na Nchiru haifiki huko. Televisheni bapa za siku hizi hazina neno na hewa ya pale.

Basi kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu lawama ikitupwa mlimani, hakuna aulizwaye. Mlima hauna ofisi. Kivuli cha kilima chaondolewa kwa mnara mdogo juu ya mgongo wa kilima, upokee mawimbi na kuyarusha tena bondeni, na mnara hujengwa na watu.

Tena hali imezidi ugumu tangu mwanzoni mwa 2015, ilipozimwa mitambo ya zamani na kuingia ya dijitali. Ya zamani ilikuwa na huruma: mawimbi yakiwa hafifu, mtu aliona chenga na vivuli, lakini sauti aliipata na sura akaikisia. Ya dijitali huleta picha safi, au huikata kabisa. Aliyekuwa akiona kwa taabu sasa haoni kitu. Ataambiwa anunue dishi, kwani setilaiti iko juu angani na kilima hakiizuii. Ni kweli, lakini dishi ni fedha, na vituo vingi vyake hulipiwa kila mwezi. Vijana wana simu. Mzee asiye na simu ya namna hiyo, ambaye taarifa ya Kiswahili ndiyo dirisha lake la nchi, afanyeje?

Yapo ambayo wenyeji waweza kuyaanza wenyewe. Nyumba tano au sita za bondeni zaweza kuchanga, antena moja ikasimikwa juu kilimani na waya ukateremshwa majumbani. Lakini hilo haliondoi wajibu wa waliopewa leseni ya kusambaza mawimbi, wala wa serikali iliyoamuru mitambo ya zamani izimwe. Na wao wapite mabondeni na vipimo vyao, watangaze wazi ni vijiji gani vimo kivulini, na minara ya huko itajengwa lini.

Nasi wa pwani tusidhani ni shauri la wengine. Watoto wetu wamo Nchiru wakisoma, na Ramadhani huwakuta huko wakingoja tangazo la Kadhi Mkuu juu ya mwezi. Nyumba yenye televisheni, king'amuzi na umeme, kisha ikakosa habari ambayo nchi nzima imeisikia, imedhulumiwa haki yake. Yule mama aambiwe ukweli huo, ili ajue pa kupeleka swali lake.