Kamera ihamie jikoni
JICHO LA BOMANI, na Eliaringa Massawe

Tangu Amil Shivji atoe Vuta N'kuvute mwaka 2021, hakuna tena wa kutuambia kwamba filamu ya enzi za mkoloni haiwezekani nchini. Aliichukua riwaya ya Adam Shafi, akaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950, na kazi ikafika tamasha la Toronto. Naomba nyingine, ipigwe huku Moshi. Mhusika mkuu asiwe mpigania uhuru wala mchumba wake. Awe binti wa kazi za ndani, tena asiye na raha.

Ousmane Sembène wa Senegal aliifanya mwaka 1966. Katika La Noire de..., Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani atalea watoto. Anakuta ni kupika na kusugua. Anaagizwa tu, kutwa, mpaka anajiua bafuni. Filamu haifiki dakika sabini.

Mandhari tunayo: reli iliyofika Moshi 1911, mashamba ya kahawa ya walowezi Kibosho. Tatizo ni waandishi wa miswada. Wakifika kwa mlowezi huketi naye barazani, na aliyeleta chai tunamwona mikono tu.

Ila mlowezi ni rahisi kumchukia, na hapa najua nitagombana na ndugu zangu. Filamu ianze kwake, iishie kwetu. Desemba magari ya Dar yanapanda Marangu na Rombo, na kiti cha nyuma, kati ya mabegi na mtoto anayetapika, yupo dada kutoka Singida. Kwao nako ni Krismasi. Sisi tunakula ndafu, yeye anaosha masufuria kwa maji ya baridi huku Kichaga kikipita juu ya kichwa chake. Akilia usiku tunasema ana mapepo. Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea anayelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Nimewasikia watu wazima, mbege mkononi, wakisema serikali inawadekeza. (Walikuwa Wamachame wenzangu, nisisingizie Warombo.)

Watayarishaji watasema haina soko. Wameisahau Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili? Hürrem anaingia kasri akiwa mtumwa, na watu waliwahi nyumbani kumtazama. Aliyemfuatilia kuliko wote alikuwa dada wa kazi, amesimama mlangoni mwa sebule, sikio moja likiwa kwenye wali.