Njia za Baiskeli na Kinga ya Mfanyakazi



Huenda mtu akauliza, sisi na mji wa Toronto kule Kanada tuna jambo gani? Twajibu kwamba lipo. Mwezi wa Novemba 2024 bunge la jimbo la Ontario lilipitisha sheria ya kuondoa njia za baiskeli katika barabara tatu kubwa za mji huo, yaani Bloor, Yonge na University. Waziri Mkuu wa jimbo, Bwana Doug Ford, alisema njia hizo ndizo zinazosababisha msongamano wa motokaa. Halmashauri ya mji iliyozijenga haikukubali. Maofisa wake walipiga hesabu wakaona kuzijenga kuligharimu dola milioni 27 za Kanada, na kuziondoa kungegharimu milioni 48. Serikali ya jimbo ikaikana hesabu hiyo.

Hoja ya motokaa hatuidharau. Miongoni mwetu wako madereva wa malori na wa matatu, na saa inayopotea barabarani ni fedha inayotoka mifukoni mwao. Dereva akinung'unika ana haki yake. Lakini kesi ilipofika mahakamani ilionekana kwamba hata wataalamu wa Serikali yenyewe walikuwa wameishauri kwamba kuziondoa njia hizo huenda kusipunguze msongamano, na kwamba hatari kwa watu ingezidi. Basi dereva naye aliahidiwa kitu kisichokuwapo.

Lililotuudhi zaidi ni kifungu kilichotiwa ndani ya sheria hiyo kabla haijapitishwa. Kilisema kwamba mtu akiumia au akifa mahali njia ilipoondolewa, Serikali isishtakiwe kwa fidia. Wafanyakazi wa viwandani wataelewa upesi. Ni kama tajiri anayeing'oa kinga ya msumeno, kisha anamletea kibarua karatasi atie kidole gumba kwamba akikatwa mkono hatadai kitu. Mwenye kuandika kifungu cha namna hiyo anajua vema kwamba watu wataumia.

Waliokwenda mahakamani walikuwa chama cha wapanda baiskeli cha mji huo pamoja na watu wawili, na mmoja wao kazi yake ni kupeleka mizigo kwa baiskeli. Huyo ni mfanyakazi kama sisi, na barabara ndiyo karakana yake. Tarehe 30 Julai 2025, Jaji Paul Schabas aliamua kwamba kuziondoa njia hizo kunavunja haki ya uhai na usalama iliyomo katika Katiba ya Kanada. Hakusema kwamba kila mtu ana haki ya kujengewa njia. Alisema kwamba Serikali haiwezi kuondoa kinga iliyokwisha kuwapo, huku ikijua watu watakufa, na faida yake haionekani. Serikali ikakata rufani.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 2015 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitoa sera yake juu ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ikaahidi kwamba ishirini katika kila mia ya fedha za ujenzi wa barabara zitatumika kwa ajili yao na kwa usafiri wa umma. Mtu atokaye Mukuru alfajiri kwenda Industrial Area aulizwe kama ameziona. Hapa kwetu hakuna haja ya bunge kupitisha sheria ya kuondoa njia. Motokaa moja hupanda juu yake ikaegeshwa, kesho zinakuwa tatu, na mwenye baiskeli anarudi kati ya malori.

Na fidia je? Sheria ya mwaka 2007 juu ya wanaoumia kazini inamfikiria yule anayebebwa bure na gari la mwajiri. Anayekwenda kazini kwa baiskeli yake mwenyewe hatajwi.

Kwa hiyo tunawaomba makatibu wa matawi waandike majina ya barabara ambazo wanachama wao hupita kwa miguu au kwa baiskeli, na mahali hasa njia ilipokatika au ilipozibwa. Orodha hizo zifike ofisini kabla ya mkutano ujao wa kamati. Tutazipeleka kwa Kaunti pamoja na nakala ya ahadi yake ya 2015.