Tusizizike Kompyuta Zilizo Hai

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 ipite, maneno yameenea maofisini, mashuleni na kwenye vibanda vya steshenari kwamba kompyuta za zamani zimefika mwisho wake. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, ambayo ilitoka mwaka 2015 na ndiyo iliyozoeleka kwenye mashine nyingi tunazozitumia. Wauzaji wameitangaza habari hiyo nusu nusu: Windows 10 imekwisha, basi nunua mashine mpya. Nusu iliyobaki haikusemwa, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana fedha zinazotajwa hapa ni ada za wazazi, michango ya wanachama na kodi za wananchi.

Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku ile. Inawaka, inaandika barua, inachapa, inafungua intaneti. Kilichokoma ni viraka vya usalama vilivyokuwa vikitolewa bure kila mwezi ili kuziba matundu wanayoyagundua wezi wa mitandaoni. Hatari hiyo ni ya kweli, wala sitaki mtu aidharau. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kukizuia kilikuwa tayari kimetolewa mwezi Machi mwaka huo huo, na walioumia ni wale ambao mashine zao zilikuwa hazijatiwa. Kwa hiyo anayesema ataendelea hivyo hivyo kwa kuwa mashine bado inafanya kazi, anakosea, hasa kama humo ndani zimo alama za wanafunzi, hesabu za SACCOS au kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati.

Basi kwa nini mtu asihamie Windows 11? Kwa sababu Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka prosesa za miaka ya karibuni, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane kilichoanza kutoka mwaka 2017, na inataka pia kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Sasa angalia kompyuta za mtumba zinazotoka Dubai na Ulaya na kuuzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli jijini Nairobi. Nyingi ni za kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Zina ramu ya gigabaiti 4 au 8, kioo kizima, kibodi nzima, na nguvu ya kutosha kwa kazi zote za ofisi ya kata au darasa la sekondari. Hazikuharibika. Zimenyimwa ruhusa tu. Mkulima hatupi jembe kwa sababu aliyelichongea mpini amefunga karakana yake; hutafuta mpini mwingine.

Ziko nyongeza za muda, na ni haki msomaji azijue. Mtu binafsi anaweza kupata viraka vya Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo akikubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake kwenye akaunti ya Microsoft. Kampuni na ofisi zimewekewa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, bei inayopanda maradufu mwaka wa pili na tena mwaka wa tatu. Jumlisha: miaka mitatu ni dola 427 kwa mashine moja, yaani zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania. Kwa fedha hizo ofisi hununua kompyuta za mtumba zaidi ya moja. Taasisi za elimu zimepewa bei ya huruma, dola 1, kisha 2, kisha 4, nami nawasihi wakuu wa shule zenye leseni halali waiulizie leo na wasingoje kesho.

Lakini nimesema leseni halali, na hapo ndipo penye donda letu. Tuseme kweli. Sehemu kubwa ya mashine zetu zimepigwa Windows na fundi wa mtaani kwa nakala isiyolipiwa, kisha zikafunguliwa kwa kiprogramu cha kukwepa leseni. Simlaumu fundi peke yake. Yeye hutoa kile ambacho mteja yuko tayari kulipia, na mteja hataki kulipa zaidi ya gharama ya mkono. Lakini fikirini kinachotendeka. Kiprogramu kile, kabla hakijafanya kazi, mara nyingi humtaka fundi azime kinga ya virusi. Mlango unafunguliwa kwa mkono wetu wenyewe, kisha tunashangaa kwa nini flashi zetu zimejaa virusi na kwa nini nywila za barua pepe zimeibwa. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu. Na juu ya sheria kuna dhamiri: tunamkanya mtoto asiibe majibu ya mtihani, huku tukimfundishia kwenye mashine inayoendeshwa na kitu kilichoibwa. Mtoto anaona. Mwalimu asidhani haonekani.

Kuna njia ya tatu, halali na isiyodai ada. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuunda programu huria, ambazo kila mtu atakuwa huru kuzitumia, kuzinakili, kumgawia jirani na kuzirekebisha. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo endeshi kinachoitwa Linux. Kutokana na kazi za hao na maelfu waliowafuata, leo tuna mifumo kamili kama Debian, Ubuntu na Linux Mint. Hiyo ya mwisho hutosheka na ramu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na nafasi ya gigabaiti 20 kwenye diski. Ile mashine iliyofukuzwa na Windows 11 huipokea vizuri, na viraka vya usalama huendelea kuja. Ndani yake mna LibreOffice ya kuandikia barua, kupiga hesabu na kutayarisha mafunzo ya kuonyesha ukutani. Na anayeiogopa Linux kama kitu kigeni ajue kwamba simu ya Android iliyo mfukoni mwake imejengwa juu ya kiini hicho hicho.

Wazazi na walimu, tazameni pia suala la bando, kwa sababu mara nyingi linasahauliwa katika hesabu hizi. Watu wengi wamezima masasisho ya kompyuta zao kwa kuwa yanakula bando la wiki nzima kwa usiku mmoja. Siwalaumu, maana kwa anayenunua intaneti kwa gigabaiti, kila sasisho ni ankara. Programu huria haiondoi gharama hiyo yote, lakini inaipunguza kwa namna ambayo nakala ya wizi haiwezi. Shule moja ikipakua Linux Mint mara moja, faili lisilofika gigabaiti 4, itaitia kwenye flashi na kuipachika kwenye mashine zote za maabara, kisha itampa flashi hiyo mwalimu wa shule ya jirani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Programu ya Kiwix nayo huwezesha kuihifadhi Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye mashine na kuisoma bila intaneti kabisa. Kwa shule ya kijijini yenye sola na isiyo na mtandao wa kutegemewa, hiyo ni maktaba.

Tena programu huria si jambo tunaloletewa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Menyu zake, maelekezo yake, yote kwa lugha yetu. Hilo lilitendeka zaidi ya miaka 20 iliyopita, hapa hapa nyumbani, na sijui mwanafunzi gani wa leo amepata kulisikia jina hilo. Kazi ya namna ile haifi kwa kukosa akili za watu wetu. Hufa kwa sababu ofisi zilizopaswa kuitumia ziliendelea kuandika zabuni zenye jina la bidhaa moja tu, mwaka baada ya mwaka.

Najua yatakayosemwa. Watasema rahisi ni ghali. Watasema Linux ni ya wadukuzi na wasomi, mtu wa kawaida haiwezi. Lakini katika jimbo la Kerala, kule India, shule za serikali zimefundisha kompyuta kwa programu huria kwa miaka mingi, na watoto wa huko si malaika. Askari wa usalama wa Ufaransa, jandamari, wanatumia Ubuntu yao wenyewe kwenye makumi ya maelfu ya mashine za vituo vyao. Jimbo la Schleswig-Holstein la Ujerumani liliamua mwaka 2024 kuziondoa programu za Microsoft kwenye kompyuta zipatazo 30,000 za watumishi wake. Hata hivyo, mtu asije akaambiwa njia yote ni lami. Jiji la Munich lilihamia Linux kwa zaidi ya miaka kumi, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi na kubadilika kwa uongozi. Tujifunze hapo. Kupachika programu ni kazi ya saa moja; kumfundisha karani aliyezoea vitufe vya zamani ni kazi ya miezi, na bila kiongozi anayeisimamia itarudi nyuma.

Wala simshauri kila mtu ahame. Mhasibu ambaye programu yake ya hesabu hukubali Windows pekee, anunue mashine mpya na leseni yake, alipe, alale usingizi. Mwenye steshenari ahakikishe kwanza kwamba printa yake na skana yake vinaelewana na Linux, kwa sababu si zote zinazoelewana. Na anayetuma barua kwa mtumiaji wa Word, asipende mpangilio uvurugike njiani, aitume katika PDF. Hayo ni mambo ya kujaribiwa, hayahitaji ubishi.

Kuhusu mashine zenyewe, nitasema machache. Kompyuta inayoburuza mara nyingi inaburuzwa na hadidiski iliyochoka. Itolewe, iwekwe diski ya SSD, iongezwe ramu, vumbi lipulizwe, nayo itawaka kwa sekunde badala ya dakika. Na umeme wetu unaokatika bila taarifa unaua mashine nyingi. UPS, yaani betri ya akiba, ni bima.

Tukizitupa, zinaenda wapi? Umoja wa Mataifa ulikadiria taka za vifaa vya umeme duniani kuwa tani milioni 62 kwa mwaka 2022, na ni chini ya robo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Zinazobaki huishia madampo, ambako vijana huchoma nyaya ili wapate shaba, wakivuta moshi wenye sumu. Nchi za Afrika zilitia saini Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia taka za hatari zisiingizwe barani. Ni ajabu kubwa tukizizalisha sisi wenyewe kutokana na mashine nzima.

Na simu zisisahauliwe, maana ndizo kompyuta za wengi wetu. Simu ya bei nafuu huachwa bila masasisho baada ya muda mfupi, huku mwenye nayo akiendelea kuweka humo fedha zake zote. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unamlazimisha kila anayeuza simu katika nchi zake atoe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya kuacha kuiuza, na awe na vipuri kwa mafundi. Sisi ni soko la mamilioni ya watu. Wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha wana uwezo wa kudai hayo hayo kwa pamoja, na sisi wanaotuwakilisha tuna haki ya kuwauliza wamefikia wapi. Mtengenezaji aliyeweza kumtunza mnunuzi wa Berlin hashindwi kumtunza wa Bukoba.

Kwa wakuu wa shule na wajumbe wa bodi, naomba jambo moja tu kabla hamjatia saini zabuni ya mashine mpya. Likizo ijayo, maabara ikiwa tupu, chukueni kompyuta moja, nakilini kwanza mafaili yote muhimu, kisha iwasheni kwa flashi yenye Linux Mint. Itaendeshwa kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa kilichomo kwenye diski. Mwalimu wa kompyuta aandike, apige hesabu, achape, kwa wiki nzima, na mwalimu wa taaluma ajaribu pia, kwa sababu yeye ndiye atakayelalamika. Ikiwafaa, pachikeni na nyingine. Isipowafaa, chomoeni flashi, washeni upya, na mashine itarudi kama mlivyoiacha. Mtakuwa mmepoteza wiki moja na bando la gigabaiti chache, na hata hapo zabuni mtaiandika mkijua mnanunua nini.